Andalio la Somo Ambalo Hukulipitia

Rafiki yangu,

Nimepita. Naanza na hilo kwa sababu najua ungenikatiza ukiona nazungukazunguka. Barua ya tume ya walimu ilifika Jumanne, ina mhuri na namba yangu ya usajili, na sasa mimi ni mwalimu wa historia na elimu ya jamii kwa sheria, si kwa huruma ya mwalimu mkuu. Niliisoma nimesimama pale mlangoni pa posta ya Kitengela, kisha nikageuka nikuonyeshe. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza kama ninaumwa.

Nilirudi nyumbani nikapika chai ya watu wawili, nikainywa yote mwenyewe. Bado niko kwenye chumba chetu, mlango wa tatu. Kitanda chako nilimrudishia mwenye ploti mwezi wa pili baada ya mazishi, maana nilikuwa nikiamka nakisemesha. Nyuma yetu wamejenga gorofa, na nyumbu waliokuwa wakija hadi kwenye ua wakati wa kiangazi hawaji tena. Jirani mpya anafanya kazi kiwanda cha simiti na ana redio ya kelele. Zamani ningeshagombana naye. Siku hizi akiizima, mimi ndiye nakosa raha.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Wewe miaka mitano darasani, mimi minne, na wote wawili hatukuwa na cheti cha ualimu. Tulifundisha shule ile ile ya kutwa kule Kajiado, na kila likizo wenzetu wakienda kupumzika sisi tulikwenda chuoni na blanketi zetu kusomea diploma. Jumamosi tulibadilishana maandalio ya masomo. Mimi nilisoma yako haraka haraka, naandika "vizuri sana" ili nirudi kwenye ugali wangu. Wewe ulisoma yangu na kalamu nyekundu, mstari kwa mstari. "Nani atakuelewa hapa?" "Umeongea peke yako dakika kumi na tano, watoto wako wapi?" Halafu unaniambia nisimame nifundishe, na wewe unakaa kitandani unajifanya mwanafunzi mtundu, unaomba kwenda msalani kila dakika. Nilikuita mkoloni. Ulicheka mpaka ukashika mbavu, ukasema mimi ni Mluhya, nikinyimwa chai ndipo nitajua ukoloni ni nini.

Sikujua kuwa hizo ndizo siku nilizokuwa na mtu.

Ulipoanza kukohoa nilikupikia tangawizi. Siku tatu nzima nakupikia tangawizi, nakuambia ni vumbi la Kitengela, litaisha. Siku ya nne hukuweza kusimama. Hospitalini walisema ni mapafu, na wiki haikuisha. Hilo naliandika mara moja tu, sitalirudia.

Siku ya mazishi niliingia bomani kwenu nikikuita. Unanijua. Kwetu magharibi msiba una sauti, marehemu anaitwa kwa jina lake, anaulizwa anatuachia nani. Nililia jina lako tangu kwenye ua wa miiba hadi mlangoni kwa mama yako. Alikuwa ameketi na shangazi zako. Alinitazama, akainuka, akapita kando yangu akatoka nje. Shangazi mmoja akanishika mkono akaniongoza nje taratibu, akisema maneno ya Kimaasai ambayo sikuyaelewa. Nilichoelewa ni kwamba nafukuzwa. Nikasema moyoni, wameshajua habari ya tangawizi. Ananilaumu, na ana haki. Nikaondoka kabla ya watu kurudi kutoka kaburini, na sikukanyaga kwenu tena zaidi ya mwaka mzima. Kila asubuhi naenda kazini naiona ile njia yenu inayokata kushoto, na kila asubuhi nageuza uso.

Kwa hiyo nilikukosa wewe, nikamkosa na mama yako, na sikuwa na mtu hata mmoja wa kuzungumza naye habari zako.

Sasa nikueleze kilichobadilisha mambo. Muhula uliopita mkaguzi wa chuo alikuja kunikagua mara ya mwisho. Nikianguka hapo, hakuna cheti wala usajili. Nilikuwa na kidato cha kwanza, mada ni vyanzo vya historia, kipindi cha masimulizi. Nikaandaa kitu nilichokiona kizuri ajabu: kila mwanafunzi achore mti wa ukoo wake nyumbani, aandike majina hadi baba wa babu, kisha asimame ausome. Niliandika andalio hilo Jumamosi, mezani, peke yangu. Hakuna aliyelipitia.

Mkaguzi akaketi nyuma na faili yake. Nikaita wa kwanza, binti mmoja mwerevu anayetoka upande wa kwenu. Mti wake ulikuwa na visanduku vimechorwa kwa rula, visafi, na vya juu vyote vitupu. Nikauliza majina yako wapi. Akaangalia daftari lake. Nikamwita mwingine, vile vile. Karibu nusu ya darasa walikuwa na visanduku vitupu, na unajua hasira zangu. Nikawaambia ni wavivu, kwamba mtu asiyemjua babu yake hawezi kujua historia ya nchi yake. Nikamrudia yule binti, nikamwambia ataje jina la babu yake hapo hapo, tusikie.

Akainamisha kichwa. Akasema polepole, "Mwalimu, huyo alishakufa. Kwetu mtu akikufa, hatusemi jina yake tena. Ni kumuumiza na kuumiza wenye wamebaki."

Nilisimama na chaki mkononi. Darasa lilidhani nimekasirika, mkaguzi naye nadhani alifikiri nimesahau somo. Mimi nilikuwa nimerudi bomani kwenu, nakuita kwa nguvu zangu zote mbele ya mama yako. Miaka yote tuliyoishi pamoja hukuniambia, na ungeniambiaje? Hapakuwa na aliyekufa.

Nikachukua kifutio, nikafuta neno "jina" ubaoni. Nikamwomba yule binti msamaha, mbele ya wote. Kisha nikawaambia wasitaje jina la mtu, waniambie tu alifanya nini, alipita wapi, alikuwa mtu wa namna gani. Binti akasema babu yake alihamisha ng'ombe kwa miguu hadi upande wa Matasia wakati wa ukame, akarudi na watatu, na hao watatu ndio waliozaa wote walio nao leo. Baada ya hapo mikono haikushuka. Kengele ililia tukiwa katikati. Mkaguzi aliniandikia kwamba niliacha andalio langu, na hilo lilinipunguzia alama. Zilizobaki zilitosha kupita, si zaidi.

Ilinichukua miezi kupata moyo. Jana, siku nne baada ya barua ya tume, nilikata kushoto kwenye njia yenu. Nilinunua sukari na majani ya chai, nikatembea nikijiambia mdomo wangu uwe na adabu. Mama yako alikuwa nje anakamua mbuzi. Nikamwamkia kwa Kimaasai, kama binti kwa mama, "Yeyo, takwenya." Akaitikia salamu, "Iko," bila kuacha kukamua, na nikafikiri basi, ndiyo hivyo. Nikaanza kuomba radhi, kwa lile jina, kwa tangawizi, vyote vikatoka pamoja. Akaweka kibuyu chini.

"Mimi nilitoka nje kwa sababu nilikuwa nalia," akasema. "Nikarudi, wewe hauko. Nikasema, sasa huyu naye nimepoteza. Mbona ulikaa hivyo bila kuja?"

Nikainamisha kichwa kama watoto wenu wanavyofanya, naye akaweka mkono juu yake, akauacha hapo muda mrefu. Mkono wake ulinuka maziwa. Kisha akaniambia niingie ndani nimweleze ulivyokuwa shuleni, kwa sababu hakuwahi kukuona ukifundisha, na tangu uondoke hakuna aliyethubutu kumsimulia. Nilimsimulia hadi mbuzi wakarudishwa zizini. Alicheka kwenye habari za msalani.

Nitakwenda kwake kila likizo. Hiyo ni ahadi, na sasa ni ahadi ya mwalimu aliyesajiliwa. Nitafundisha masomo yako na yangu, na maandalio nitayasoma mara mbili, mara ya pili kwa macho yako makali.

Nimefika mwisho wa barua na jina lako sijaliandika popote. Kwa mtu wa mdomo kama mimi, hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko diploma nzima. Pumzika, rafiki yangu. Kwaheri.

Nekesa