Mita Aliyokupa Baba

Mdogo wangu Rukia,

Huku Mishomoroni sote tu wazima, isipokuwa macho ya Baba. Mtoto wa jicho amemziba kote kuwili, na fundi aliyetengeneza nusu ya mafriji ya Kisauni sasa haoni namba za mita ya kupimia umeme. Namsomea mimi. Nikimwambia, "Mia mbili na kumi, Baba," husema, "Angekuwa Rukia angepima tena." Wallahi maneno hayo hunichoma. Nakuonea wivu mpaka leo, mtu mzima na ndevu zangu.

Wivu huo ulianza siku Baba aliponunua ile mita ya kwanza ya dijitali, ya manjano. Mimi ndiye mkubwa, mimi niliyembebea boksi la vifaa miaka yote, basi nikanyoosha mkono. Yeye akakuita wewe. "Abee, Baba," ukaja na unga vidoleni, akakwambia unawe kwanza. Mimi nikabaki na testa, ambayo huwaka taa tu, umeme uwe mwingi uwe kidogo. Nikalalamika. Baba akasema, "Kuwaka si hoja. Mie nataka kujua uko ngapi."

Wakumbuka friji la Bi Zuhura, muuza juisi? Niliweka testa, ikawaka, nikamwambia umeme upo, mashine ndiyo iliyokufa, anunue nyingine. Wewe ukachomeka nyaya zako mbili kwenye soketi. Friji likiwa limezimwa, volti mia mbili thelathini na mbili. Ukaliwasha, namba zikaporomoka hadi mia na sabini. "Kaka, mashine nzima hii. Kuna kiungio kimelegea ukutani." Tulipobomoa tukakikuta kimeungua. Bi Zuhura akakumiminia juisi ya ukwaju. Mimi akanipa maji.

Siku mlipokwenda arusini Utange, niliitoa mita yako kwenye mfuko wake. Nikapima mkondo wa betri ya sola, na kwa kuwa mkondo una tundu lake kwenye mita, nikauhamishia huko waya mwekundu. Kisha kwa pupa nikaenda kupima volti za soketi bila kuurudisha waya kwenye tundu la volti. Kosa la mwanafunzi wa wiki moja! Ukatoka mlio, na moshi juu. Nikafuta masizi, nikairudisha mfukoni kama sikuigusa.

Kesho yake Baba akauliza nani aliyeiua. Ulinitazama, ukasema, "Ni mie, Baba. Niwie radhi." Nikakuachia lawama. Tena nilifurahi, Rukia, sitakuficha. Nilijua sasa zamu yangu imefika. Lakini mwezi haukwisha, Baba akanunua nyingine, akakukabidhi wewe. Nilikesha nikijiuliza umempa nini mzee huyu hata akusamehe upesi hivyo.

Leo uko bara, wapima mitambo mikubwa, na akipita mgeni hapa Baba humsimulia habari zako kabla chai haijamiminwa. Juzi nikachoka. Nikajiambia, nitamwambia ukweli, angalau ajue kwamba niliweza kuubeba muda wote huu.

"Baba, ile mita ya manjano niliichoma mimi."

Akacheka. "Nalijua, mwanangu. Rukia alinambia siku ile ile, jikoni. Akaniomba nisikuaibishe."

Nikatoka nje nikasimama uani, sikujua nishike nini. Umenitendea wema, najua, na Mungu akulipe. Lakini dada yangu, vyote vya Baba ulikuwa navyo wewe: mita, sifa, hata kicheko chake. Nilichokuwa nacho mimi ni siri ile moja tu, niliyodhani Baba haijui. Kumbe nayo mlikuwa nayo nyinyi wawili, na aliyekuwa nje ni mimi.

Njoo umwone kabla hajasahau sura yako. Nitakupokea kwa furaha, inshallah, na wivu wangu utakaa pembeni tukila.

Ni mimi kaka yako,
Salim