Doa Hafifu la Vidonge Vyako

Mama,

Nakuandikia nikiwa maabara, hapa Kibondo. Kaburini nimeshindwa kuja. Naona aibu.

Uliwahi kuniuliza tunapimaje dawa. Nikakueleza: tunasaga kidonge, tunakiyeyusha, tunadondosha tone kwenye kibao, pembeni ya tone la dawa tunayoiamini. Kibao kinasimamishwa kwenye kimiminika, kisha tunalinganisha madoa kwa taa maalumu. Doa likififia, dawa ni pungufu. Ukacheka, ukasema huko ni kuonja mboga kwa macho.

Basi vile vidonge vyako vya kutoa maji mwilini vilipita mikononi mwangu kabla ya kufika zahanati. Doa lake lilikuwa hafifu. Nikajiambia labda nimedondosha tone dogo. Utaratibu ni kurudia. Sikurudia, Mama. Vibao vilibaki vichache, na nilikuwa na haraka ya kuwahi harusi Nyakitonto. Nikaandika kwamba vinafaa.

Miguu ikaanza kuvimba. Ukasema, "Mwanangu, hizi dawa hata hazinipeleki msalani." Nami nikajifanya mtaalamu, nikakugombeza mbele ya wake za kaka zangu kwamba unakula chumvi kwa kificho. Nikakunyang'anya hata dagaa.

Baada ya matanga nilichukua vidonge vilivyobaki kwenye kopo lako, nikapima mara tatu. Doa hafifu, mara zote tatu. Nimemwandikia mkuu wangu, nimetaja na kosa langu, na dawa zimeondolewa. Kama dawa zisizo pungufu zingekuponya, sijui. Daktari anasema moyo ulishachoka.

Ila nyumbani Rungwe Mpya bado wanasema ulijimaliza mwenyewe kwa ukaidi. Kaka anawaambia hivyo hadi wajukuu zako. Mimi nilikuwepo, nimekaa pale pale, nikaendelea kumega ugali.

Jumapili naenda. Nitawaambia wote kwamba ulisema kweli, na mimi ndiye niliyeandika uongo. Wakinifukuza nitaondoka, lakini watakuwa wameshasikia.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Asubuhi ile ya mwisho ulinishika mkono ukasema, "Nisamehe mwanangu, nimekusumbua na ulaji wangu." Na mimi, Mama, nikakujibu kwamba nimekusamehe.

Pumzika salama.

Mwanao,
Yasinta