Mmea wa Bi Zuhura na Samadi Yangu

Kibondo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Mguu unaendeleaje? Na mvua za huko Kagerankanda, hazijalaza maharage yako? Mimi ni mzima, nakula vizuri, wala sijakonda kama unavyodai. Nimeamua kuandika kwa sababu jambo hili siwezi kulisema kwenye simu inayokatika kila mara.

Bi Zuhura, mwenye duka la vitenge ninakouza na ambaye naishi kwake, alisafiri kwenda Tanga kumuuguza dada yake. Aliniachia nyumba, duka na mmea wake wa sebuleni. Mama, mmea wenyewe hauliwi wala hauchanui! Ni majani tu yenye mabaka ya njano, yanatambaa kwenye misumari kutoka dirishani, yanapita juu ya runinga hadi mlango wa chumba chake. Aliletewa na marehemu mumewe. Akaniusia, "Umwagilie udongo ukikauka tu, mwanangu, na usiutoe nje kwenye jua."

Lakini mimi ni mtoto wako, mkulima. Nikawa namwaga maji asubuhi na jioni. Jani likageuka njano, nikasema huu una njaa. Nikaomba samadi ya mbuzi kwa jirani, mbichi kabisa, nikaushindilia kama mgomba. Kumbe kopo ulimopandwa halina hata tundu chini! Baada ya wiki mbili shina lilikuwa limeoza, sebule inanuka zizi.

Nililia, Mama. Mwanamke huyu alinipokea sina hata shuka, na mimi nimemuulia kumbukumbu ya mumewe. Nilitaka kufunga mizigo nirudi nyumbani kabla hajafika.

Aliyeniokoa ni Sipesioza, fundi cherehani wa barazani kwetu, ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Alinicheka kwanza. "Yoo! Weye unalisha majani kama ng'ombe?" Kisha akakata vipande vya juu ambavyo havijaoza, kila kimoja chini kidogo ya kifundo, akavitia kwenye chupa ya maji pale dirishani, mbali na jua kali. Nikawa nabadilisha maji tu, mikono nimeifunga kwa nguvu. Vikaota mizizi myeupe.

Bi Zuhura aliporudi alikuta misumari mitupu na chupa moja. Nilipiga magoti nikamweleza yote, hata samadi. Aliigusa misumari mmoja mmoja, nikajua nimefukuzwa. Halafu akaanza kucheka, akicheka huku anajifuta machozi kwa upindo wa khanga.

"Inuka, mwanangu. Ule alioleta marehemu niliuua mimi, mwaka uleule aliofariki. Kila nikimkumbuka nilikuwa naumwagilia. Huu nilikata kwa jirani. Watoto wangu hawajui mpaka leo."

Jioni binti yake alipiga simu ya video kutoka Mwanza. Jambo la kwanza aliloliuliza, "Mama, mmea wa baba haujambo?" Bi Zuhura akanitazama. Nikaisogeza chupa karibu na simu.

"Haujambo," tukajibu wote wawili.

Nisalimie baba mdogo na wanawe, na shangazi anayekusaidia kuteka maji. Wasomee barua hii mpaka pale kwenye samadi wacheke, halafu ikunje. Yaliyobaki tunayajua watatu tu, na wewe ukiwemo.

Mwanao akupendaye,
Anjelina