Moduli ya Kaka Haitaki Kuungana

Jumatatu, 4 Agosti

Printa ya nukta nundu imenyamaza. Mwalimu wa kompyuta (tunamwita Fyuzi, maana hukatika upesi) alisasisha kompyuta ya maktaba Ijumaa, na tangu hapo haiitambui printa. Printa inaendeshwa na moduli aliyoiandika kaka, kipande kidogo cha programu kinachopachikwa kwenye kiini cha mfumo. Kiini kipya, moduli ya zamani — haviungani, basi.

Mtihani wa majaribio wa hesabu ni Jumatatu ijayo. Bila printa, Kinanda atasomewa maswali kwa sauti. Yeye ni rafiki yangu, haoni tangu utotoni, na vidole vyake havitulii juu ya dawati, ndiyo jina likamganda. Anasema kusomewa mabano ndani ya mabano ni kama kulishwa huku umefungwa mikono. Mara iliyopita alianguka. Akianguka tena, ataondolewa kwenye darasa la hesabu.

Nimemwambia nitaitengeneza. Sijui nani alinituma.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeijenga moduli upya (kuyageuza maandishi ya kaka yawe programu) nyumbani kwenye kompyuta yake. Hakuna kosa hata moja. Nikaipeleka shuleni kwenye flashi, kifua mbele. Ikakataliwa papo hapo. Nimeijenga kwa kiini cha nyumbani, si cha maktaba! Kaka aliwahi kunieleza hilo, nami nikaitikia bila kusikiliza.

Kinanda akasema nimemshonea nguo kwa vipimo vya jirani. Akacheka peke yake.

Kaka bado amelala. Mchana, jioni, ni kitanda na ukuta. Mama humwekea chai, huirudisha imepoa. Ukimuuliza lolote anajibu: sawa tu. Ale? Sawa tu. Tumwite daktari? Sawa tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Sasa najenga palepale maktaba. Makosa ni ya kiunganishi, programu inayoiunga moduli na kiini. Hicho hupitia kila jina la kazi lililoitwa ndani ya moduli na kulitafutia mwenyewe ndani ya kiini. Majina mawili hayana mwenyewe, kiini kipya hakiyatambui. Moja nimeona limebadilishwa tu, nikaliandika upya. La pili bado. Macho yanawasha.

Ijumaa, 8 Agosti

Mbadala wa jina la pili nimeupata. Furaha ya dakika moja. Kiunganishi kinasema jina hilo hupewa moduli huria tu, zile ambazo mwandishi ametangaza kwamba yeyote anaweza kuzisoma, kuzibadilisha na kuzigawa. Ya kaka, mstari wa mwisho, imetangazwa kuwa ni mali yake. Imefungwa.

Fyuzi alichungulia juu ya bega langu. Futa neno hilo, akasema, andika huria, itaungana, nani atajua. Nikasema, si yangu, mwalimu. Akasema basi nimwambie huyo kaka yangu aje amsomee mwenzangu mabano. Akachukua funguo zake.

Najua kwa nini ameifunga. Ofisini walichukua kazi yake, wakaitangaza kwa jina la mkubwa wake. Akarudi nyumbani, akaiandika moduli hii kwa ajili ya Kinanda, akaifunga, kisha akalala. Ndicho kitu cha mwisho alichokimaliza.

Kubadilisha neno moja tu. Mkono umekataa.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimemweleza mama. Alikuwa anapiga pasi, hakuinua kichwa. Akasema, "Muulize mwenyewe. Lakini, mwanangu, akikujibu sawa tu, usije kuniambia."

Sijamuuliza. Nimepita mbele ya mlango wake nikijifanya natafuta ufagio.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeketi sakafuni nje ya chumba cha kaka, naandikia gotini. Mtihani ni kesho. Fyuzi amekubali kufungua maktaba mapema asubuhi, kwa kunung'unika.

Nimemweleza kaka kila kitu kupitia mlangoni. Printa, Kinanda, majina mawili, ule mstari. Kisha nikauliza: kaka, niufungue?

Nasubiri, naandika.

Namtakia Kinanda karatasi yake, Mungu anajua. Lakini nilivyokaa hapa naomba jambo jingine kwanza. Asiseme sawa tu.

Amejibu. Hapana.

Sauti imekwaruza kama ya mtu mwingine. Nikasema, sasa Kinanda atafanyaje? Akasema, "Usiuguse mstari wangu. Unasikia?" Kwa hasira. Hasira kabisa! Jikoni mama ameacha kuosha vyombo, maji yanamwagika tu.

Naandika ili nisilie. Sina moduli. Sina la kumwambia Kinanda.

"Wewe," kaka ameita. "Hilo jina la pili. Linaitwa kwenye faili gani?"

Nimemtajia.

"Mara ngapi?"

Mara moja tu, kaka.

"Basi linakwepeka." Kitanda kimelia, nyayo zinaujia mlango.