Alama za Maziwa Ambayo Hakuyaonja

Jumatano. Mawingu yametanda tangu asubuhi na upande wa hifadhi kunanguruma, ila hapa Machochwe hatujapata hata tone. Nimekaa kibandani na simu mkononi, nawaandikia. Wateja wa leo nimewahudumia huku akili haipo, mmoja nimempa kikombe hakijajaa akakinywa hivyohivyo, nadhani aliuona uso wangu.

Keshokutwa linakuja jokofu langu.

Ni jokofu la sola, la kuhifadhia maziwa, kutoka kwa shirika moja lililokuja kutusaidia sisi wafanyabiashara wadogo tukue. Hapa senta tulikuwa wanawake sita tunaouza maziwa ya mgando, jokofu ni moja, na nimeshinda mimi. Nilipaswa niwe nacheka peke yangu njiani. Badala yake sina raha, na najua kwa nini.

Nakiri mimi ni mtu wa kushuku. Lakini mnielewe, huku kwetu tumeshakuzwa sana. Walikuja wa kuku, kuku wakafa. Walikuja wa nyuki, mizinga ipo mpaka leo, watu wanaikalia wakinywa chai. Walikuja wa sabuni, tukapigwa picha tumeshika sabuni, tukapewa fulana, wakaondoka na picha zao. Kwa hiyo aliposhuka kijana na pikipiki yake, begi la kompyuta mgongoni, akasema yeye ni mshauri wa biashara na ndiye atakayetupa alama, nilimkagua kuanzia viatu. Nitamwita Marwa. Akina Marwa huku ni wengi, hamtajua ni yupi.

Marwa alipita kibanda kimoja kimoja. Kwa wenzangu alikaa kwenye benchi, akapiga soga, akauliza kila mmoja anafukiza kibuyu chake cha maziwa kwa moshi wa mti gani, akaonja, akaandika. Kwangu hakukaa. Alisimama kule barabarani, macho kwenye simu. Nilipomnyooshea kikombe alirudi nyuma hatua mbili, utadhani nimemnyooshea panga. Maswali yangu alimtuma Ghati aje aniulize, na Ghati akarudi kumpelekea majibu. Watu wazima wawili, hatua kumi kati yetu, tunatumiana mjumbe!

Ghati ni jirani yangu wa kibanda cha pili. Ni mjane, na maziwa ndiyo shamba lake na ndiyo ng'ombe wake. Nilipoolewa hapa sikujua hata kufukiza kibuyu, nilikuwa naunguza. Yeye ndiye aliyenifundisha.

Basi nilivimba. Kwanza nilisema ananiona mchafu. Usiku wake nikaja na jingine: huyu hataki nimtazame usoni kwa sababu ana lake. Kesho yake nikawaambia wenzangu kwamba anakusanya siri za vibuyu vyetu apeleke kiwandani, na sisi tutabaki kununua mgando wa pakiti. Wawili waliniamini wakajitoa kwenye shindano. Mmoja alibeba vibuyu vyake vyote akavificha kwa dada yake, kijiji cha Kisaka.

Ghati peke yake ndiye aliyenikatalia. "Mura yule, kijana wa watu, ana heshima bwana. Ni wewe una moyo mbaya," aliniambia, akaendelea kuosha vikombe vyake.

Jana mama wa ofisini kwao alikuja kusoma matokeo. Usafi, alama zangu za kawaida. Wateja, za kawaida. Ladha, alama zote. Watu walipiga makofi, na wa kwanza kupiga alikuwa Ghati. Mimi nilisimama pale nikitabasamu kama mwenye akili, na ndani swali moja tu linazunguka.

Ladha ipi?

Maziwa yangu hayakugusa mdomo wa yule kijana.

Nusu ya jibu ilitoka kwa mama mkwe jioni alipofika kunipongeza. Aliuliza mshauri mwenyewe ni nani, mtoto wa nani, nikamwambia nilichosikia. Alicheka mpaka akashika mbavu. Marwa ni mtoto wa mke wa mwisho wa babu yake mume wangu. Mama yake alirudi kwao upande wa Kenya akiwa amembeba mgongoni, ndiyo maana sikuwahi kumwona. Yaani ni mdogo wake baba mkwe wangu, tumbo tofauti. Kijana ambaye ningeweza kumtuma dukani, kumbe ni baba mkwe.

"Ulitaka anywe mkononi mwako?" mama mkwe aliniuliza. "Aibu yake angeipeleka wapi?"

Nilijiona mjinga. Mimi ambaye nikikutana na baba mkwe wangu mzee njiani naingia kwenye nyasi apite. Kwa mila yetu hatupeani mkono, hali chakula mbele yangu, na maneno yake kwangu hupitia kwa mtu mwingine. Kila alichofanya Marwa nakifahamu tangu siku niliyoingia ukoo huu. Nilidanganywa na zile ndevu chache na ile kompyuta. Heshima nikaiita dharau, dharau nikaiita wizi, na watu wawili wakapoteza nafasi yao kwa ajili ya mdomo wangu.

Ningeweza kuishia hapo, niombe radhi, nicheke na nipokee jokofu. Mume wangu ndivyo anavyotaka. Lakini mtu wa kushuku akishaanza haachi, na safari hii kidole kimegeukia nyumbani kwangu.

Leo asubuhi nilimwomba mume wangu ampigie baba yake mdogo, maana mimi siwezi, amuulize jambo moja tu: zile alama za ladha alizitoa wapi? Aliongea naye nje, chini ya dirisha, wakacheka sana. Aliporudi ndani alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko.

"Anasema kwetu hakuna mwanamke wa maziwa mabaya."

Kwake lilikuwa jibu zuri kabisa.

Nimelibeba jibu hilo tangu asubuhi. Kijana hana roho mbaya, hilo naliona. Aliliona jina la mume wangu kwenye fomu, akashindwa kuonja, na palipobaki wazi akapajaza kwa sifa ya ukoo. Pengine hata hakufikiri mara mbili. Angekuwa mgeni wa kutoka mbali angeonja, na leo ningekuwa na haki ya kushangilia au kununa.

Na jokofu si mapambo. Maziwa yakipitiliza siku mbili yanakuwa makali, tunawamwagia mbwa. Mwenye jokofu atauza mpaka Jumapili na atapeleka kwa wafanyakazi wa hoteli za karibu na geti la hifadhi. Asiye nalo atabaki na wateja wa huruma. Tuko ukuta kwa ukuta, mimi na Ghati. Likishushwa kwangu, kibanda chake nakipa miezi michache, na atakuja kunisaidia kulifuta vumbi, kwa sababu ndivyo alivyo.

Dakika chache zilizopita amepita hapa akiwa amenibebea kitambaa alichoshona cha kulifunikia. Ametarizi maua pembeni. Nilikipokea nikasema asante, kisha nikajifanya natafuta kitu chini ya meza.

Sijui kama nitakuwa jasiri nikilala kwanza, kwa hiyo naandika hapa mbele yenu nisipate pa kurudi. Kesho nitaenda mwenyewe ofisini kwao mjini Mugumu, kwa yule mama aliyesoma matokeo, nimwambie maziwa yangu hayakuonjwa na kwa nini. Nitaomba waje wayaonje upya, wamlete mtu asiye wa ukoo wetu, na wale wawili niliowatia hofu warudishwe. Mume wangu atanuna. Baba mkwe mdogo sijui watamfanya nini, na hilo linaniuma kweli.

Mume wangu ameniuliza, naogopa nini kama maziwa yangu ni mazuri? Si nitashinda tena?

Maziwa ya Ghati nimeyanywa miaka yote niliyokaa hapa, na naijua ladha yake.