Kadi ya Casimir

Kikula, Likasi (Jadotville)
Jumatatu, 19 Machi 1962

Kwa Yaya Philomène, Mwadingusha

Yaya mpendwa, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji na wote walio hapo nyumbani, pamoja na mwanetu Martine, ambaye najua ndiye anayekusomea karatasi hii. Goti lako linaendeleaje? Na samaki, bado mnapata, au maji yamejaa mno? Sisi huku tuko wazima. Émérence mke wangu anakusalimu. Amesema lazima nikuandikie kwamba paa la jikoni linavuja tangu Krismasi na mimi sijalitengeneza, basi nimeliandika. Mwili wangu hauna neno. Kinachoniuma ni moyo, na unauma kwa sababu ya mpira.

Usicheke kwanza. Ligi ilikatika Septemba vita ilipoingia mjini, na sasa wametangaza kwamba itaanza tena baada ya Pasaka. Kila timu ipeleke orodha ya wachezaji na kadi zao kabla mwezi huu haujaisha. Kadi za Éclair yetu nazitunza mimi, kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda, kama unavyojua. Jioni ile ya tangazo nililifungua nikazipanga mezani. Zilikuwa ishirini na mbili. Nikaanza kutoa za waliotuacha: Dominique na wenzake wawili wamevaa sare ya jeshi, wanne wamevuka kwenda kutafuta kazi Kitwe, na wale vijana wetu wa Kasai, watano, wote wamepakiwa kwenye malori kupelekwa kambi ya wakimbizi Elisabethville, maana siku hizi watu wa Kasai wanawindwa. Nilipomaliza, zilibaki kumi. Moja kati ya hizo kumi ilikuwa ya marehemu. Yaya, mpira unachezwa na watu kumi na mmoja!

Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Golini tuna Zéphirin, ambaye ana miaka thelathini na minane na anakataa miwani. Mpira wa juu anausubiri macho yakiwa yamefumbwa, na ukimwuliza anasema anasali. Mbele tuna Michel, mwenye mbio sana, ila hajawahi kukumbuka kwenda na mpira. Pembeni kamati imeokota kijana mmoja wa mtaa, lakini katikati ya ulinzi hatuna mtu kabisa. Nimeiambia kamati kwamba golikipa mbaya na mshambuliaji mbaya tunaweza kuwavumilia tukipata beki mmoja wa kati, mtu mzima wa kichwa, anayeona hatari kabla haijafika. Kamati ikanijibu kwamba jezi mpya zitakuwa na mikono mirefu.

Mwenyekiti wetu bado ni Amuri, yule mwenye duka la vitambaa. Ni muungwana, anatoa jezi, anatoa lori lake tukisafiri, na sala zake tano hazimpiti hata mechi ikiwa moto. Lakini miaka sita nimemweleza mchezaji anaotea vipi, na miaka sita ananiuliza kwa nini mtu aadhibiwe kwa kuwahi. Kwenye mkutano nilipiga meza nikauliza beki atatoka wapi. Mzee mmoja akasema, “Urbain, weye kila siku paka beki tu, beki tu. Beki hakuna! Tucheze na benye tuko nabo.” Wakapiga makofi, wakafunga mkutano.

Basi nikatafuta mwenyewe. Niliambiwa kuna beki hatari Kakanda, nikapanda lori la Amuri kwenda kumwona. Nilimkuta kweli, mrefu, kifua kipana, nikafurahi mpaka aliposimama kunisalimia, maana mguu mmoja ulikuwa umefungwa mbao tangu wiki iliyotangulia. Nikasikia habari ya mwingine aliyekuwa akiishi Shinkolobwe. Tangu mgodi ufungwe watu wa huko wametawanyika, nikamwulizia wiki mbili nzima, mwisho nikapata jibu kwamba amesajiliwa na wapinzani wetu wa Panda, na kwamba alipitia Kikula siku aliyokwenda kusajiliwa, akanywa maji nyumba ya tatu kutoka kwangu! Émérence alinipikia siku hiyo, sikula.

Nikiwa bado na hasira hizo, Amuri alinitumia mtu. Nilipofika alinivuta nyuma ya duka akaninong’oneza, “Kuya uone. Niko na kitu.” Nikajua ni jezi. Akasogeza majora ya vitambaa, na pale nyuma alikuwa amekaa kijana, amejikunja, miguu mirefu haina pa kwenda. Lori la Amuri lilikuwa limemtoa Kolwezi kwa siri. Ni mtu wa Kasai. Alikuwa apelekwe Elisabethville kwa wenzake, ila vizuizi vimezidi barabarani na kwenye kila kizuizi wanauliza kabila, basi dereva akaogopa akamwacha hapa. Wiki ya tatu sasa alikuwa akilala kati ya majora. Amuri alitaka shauri langu, afanye nini na binadamu huyu.

Mimi nilikuwa namtazama uso. Nilikuwa nimemwona mara moja tu maishani, Kolwezi, mwaka 1959, kamati ilipokwenda kule kwa mechi ya kirafiki, na siku hiyo kila mpira tulioupeleka mbele ulimkuta yeye amekwisha simama pale. Yaya, huyu ni beki. Ni beki wa kati.

Sasa Martine, mwanangu, ukifika hapa simama kidogo. Kama kuna majirani ukumbini waage kwa heshima, funga mlango, umkalishe mama yako. Yanayofuata ni yake peke yake.

Yaya, ile kadi ya marehemu niliyokutajia hapo juu ni ya mwanao Casimir. Tangu tumzike Julai sikuweza kuirudisha kwa wakubwa wa ligi. Unyevu umeila picha, umebaki mstari wa kofia na sikio. Jina linasomeka vizuri.

Nimempa yule kijana.

Mila yetu unaijua kuliko mimi. Jina la marehemu halichukuliwi ovyo. Miezi kadhaa ipite, pombe ipikwe, ukoo ukae, na mama ndiye anayemshika mkono atakayelirithi na kumwita kwa jina hilo mbele ya watu, na tangu saa hiyo huyo ni mwana wake. Wewe ulisema Pasaka ukija utatuambia umemwona nani. Mimi sikungoja. Alhamisi iliyopita vijana wa ulinzi wa mtaa, wale wenye fimbo, waliingia dukani kwa Amuri wakamkuta mgeni, wakauliza ni nani. Nilikuwepo. Nikasema ni ndugu yetu wa upande wa Lufira, aliyerithi jina la Casimir, nikatoa kadi. Wakauliza nani amemrithisha. Nikasema dada yangu Philomène, mama wa marehemu, wakati wa Krismasi, Mwadingusha. Nilisema ulimshika mkono wewe mwenyewe, yaya. Mmoja wao alikuwa akimjua Casimir. Alivua kofia, akampa yule kijana mkono, wakaondoka.

Habari ikaenea kabla jua halijazama. Jirani zangu walinijia wamenuna, wakitaka kujua kwa nini pombe ya Casimir imenywewa bila wao. Bibi mmoja alileta bakuli la unga kwa ajili ya “mutoto ya Philomène.” Sikujua niuweke wapi uso wangu. Nilipokea unga.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapotaka unijue. Mtu akikuambia kwamba mdogo wako alifanya hivyo kwa huruma, alimwona binadamu hatarini akatoa alichokuwa nacho, usikubali. Kadi ile niliitoa kwenye kopo Jumanne. Hao vijana walikuja Alhamisi. Siku mbili nzima ilikuwa mfukoni mwangu, na nilikuwa nimekwisha mpangia namba yake mgongoni. Nilitaka beki. Nilikuwa na kadi isiyo na mtu na mtu asiye na kadi, nikaona mambo yamekaa sawa, na sikukukumbuka hata kidogo. Nilikukumbuka kwenye mlango wa duka, nilipolitaja jina lako. Tangu hapo naona aibu, yaya, na paa ninalitazama likivuja na siwezi hata kupanda juu.

Yeye kijana hakulipokea kwa furaha. Hao vijana walipoondoka nikampa kadi, akaishika kwa ncha za vidole akaniuliza mwenye jina alikufa lini. Nikamwambia. Akairudisha mezani. Akasema, “Baba, minye nilizaliwa Kolwezi, Kasai naisikia tu mu midomo ya bantu. Kule beko banaenda, sijuwe muntu. Mama yangu alishakufa. Lakini jina ya mutoto ya bengine, mama yake akiisikia?” Nikamwambia mama yake ni dada yangu, hana neno. Huo ni uongo wangu wa pili, na nilimwambia mtu aliyekuwa akikuheshimu kuliko nilivyokuheshimu mimi. Baada ya hapo aliniuliza Casimir alikuwa mtu wa namna gani, ili asimwaibishe. Nikamweleza alivyokuwa akizungusha kamba za viatu mara mbili chini ya soli, na alivyokuwa akikataa kupiga mtu teke hata kama mwamuzi hatazami.

Jana, Jumapili, tulicheza mechi ya kujipima na wale wa Panda. Kabla ya kuingia niliona anazungusha kamba chini ya soli. Sikumtuma. Uwanja ulijaa, na walipomwona wanawake walipiga vigelegele, “Casimir amerudia! Casimir amerudia!” Alicheza vile nilivyokuwa nikiwaambia kamati tangu Januari: alisimama mahali pake, wakamletea mpira. Tuliwafunga moja bila. Zéphirin hakuguswa, akamaliza sala zake salama.

Lakini sikuandiki kwa ajili ya bao. Kipindi cha pili mshambuliaji wao alimtoka upande wa kushoto, na mimi, unavyojua nisivyoweza kukaa kimya, niliruka nikapiga kelele: Casimir! Kushoto! Na yeye akageuka, akanitazama, akaenda kushoto. Yaya, tangu Julai jina lile nimeliita mara ngapi, nikiwa kazini, nikiwa njiani, peke yangu kama mwehu, na hakuna aliyegeuka. Jana aligeuka mtu. Mechi iliendelea, mimi nilikaa chini nikalia mbele ya kamati nzima, na Amuri akadhani ni kwa sababu ya kuotea.

Ndiyo maana naandika leo bila kungoja. Hortense, yule muuza samaki wa kwenu, alikuwa uwanjani, na alipiga vigelegele kuliko wote. Anarudi Mwadingusha Jumatano, na atakuja moja kwa moja mlangoni kwako kukupongeza. Clotilde, mtoto wa jirani ninayemwamini, anaondoka kesho asubuhi na karatasi hii mkononi, ili uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwake.

Orodha haijaondoka. Iko mezani hapa, na mstari wa beki nimeuacha mtupu. Ukikataa, nitairudisha kadi kwenye kopo, na Amuri amesema lori lake litampeleka kijana mpaka karibu na mpaka wa Rhodesia, iwe salama, isiwe salama, Mungu anajua. Tutacheza pungufu, na sitafungua mdomo. Una haki. Nimekuibia jambo ambalo mama hulifanya mara moja tu. Lakini ukija Pasaka na akakujia mtu mrefu, ametazama chini, asiyejua akusalimie vipi, Kikula yote itakuwa imesimama kusikiliza utamwita nani. Utakaloliita hapo, ndilo atakaloishi nalo.

Nisamehe, yaya. Na kama bado huwezi, mwambie Martine aandike hivyo hivyo, kwamba bado. Nitalipokea.

Msalimie shemeji. Mwambie mafuta ya taa aliyoagiza nimeyapata, Clotilde anayo. Goti lipake yale majani ya mama, usiliache tu. Émérence anakusalimu tena, watoto wanakusalimu, Zéphirin anakusalimu, Amuri anakusalimu na kipande cha kitambaa cheusi, anasema ni cha kumalizia mwaka wa msiba.

Ni mimi mdogo wako,

Urbain

Beki wetu pia anakusalimu. Amesimama hapa mlangoni, amevua viatu, anangoja nimwandike. Nimemwambia jina lake utaniletea wewe.