Siku Randu Alipolala Chali

Ukunda,
Jumapili, baada ya ibada.

Mpendwa dada Kadzo,

Shikamoo. Nakuamkia wewe, namwamkia na mama mkwe wako, na mwanao Gillian mkumbatie kwa niaba yangu. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba ile mvua iliyotangazwa redioni imefika Taru, maana mara ya mwisho tulipozungumza ulisema mifugo inapelekwa mbali kutafuta maji. Magoti ya mama yanaendeleaje? Sisi huku afya tunazo, tunamshukuru Mungu. Kinachotusumbua si cha mwili, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Najua utashangaa kwamba nimeandika ilhali namba yako ninayo. Wiki hii nimekupigia simu mara kadhaa, na kila nikisikia sauti yako ikiniita Beryl, maneno yananikauka, najikuta nakuuliza habari za mbuzi. Kwa hiyo nimeona heri niandike, nawe usome kwa wakati wako, ukiwa umekaa chini. Tafadhali usimpe Gillian akusomee. Nimemkabidhi jirani yetu Absalom, anayeendesha lori la saruji kwenda Voi, akupe mkononi mwako na si kwa mtu mwingine.

Wacha nianzie mbali kidogo ili unielewe. Kazi yangu unaijua, ni ile ile ya kusafisha vyumba katika hoteli ya Diani. Kutandika vitanda vile vikubwa kumeniharibu mgongo, ikafika mahali nikawa nashindwa kujifunga leso bila kushika ukuta. Mwaka jana mwenzangu wa kazini akaniambia kwamba yule mwalimu Virginia, mtu wa bara aliyekuwa akiwafundisha wageni yoga, ameanzisha darasa la bure kwa watu wetu katika ukumbi wa jamii hapa Ukunda. Nilicheka. Yoga mimi nilikuwa nikiiona ufukweni nikipita na mashuka, wageni wamesimama kwa mguu mmoja wamefumba macho, nikadhani ni mambo ya watu wasio na kazi. Lakini maumivu yalinishinda, nikaenda.

Niliwakuta bibi wa Kidigo na leso zao viunoni, waosha vyombo, mshona nguo mmoja, na makuli wawili wa Lunga Lunga waliokuwa na mabega kama mbao. Kila mtu alikuja na mkeka wake wa nyumbani. Asiyeweza kukaa chini alipewa kiti, akafanya yote juu ya kiti. Virginia alizunguka katikati yetu akisema kwa kile Kiswahili chake cha bara, "Hapa hatushindani, sawa? Ukiskia uchungu, wacha. Pumua tu." Mzee mmoja wa kanisa aliniita kando akanionya kwamba ile ni ibada ya miungu ya watu. Nilimjibu kwa heshima kwamba sijaombeshwa wala kuimbishwa kitu, nimenyooshwa mgongo, na usiku ule nimelala bila dawa. Hakuridhika, ila hakunizuia.

Sasa nije kwa Randu. Dada, mume wako Kalama na mume wangu waliingia jeshini pamoja na wakapelekwa Somalia pamoja, na aliyerudi kwa miguu yake ni wangu. Kwa sababu hiyo nimekuwa nikiona haya kukulalamikia. Ningeanzaje kumwambia mjane kwamba mume wangu aliye hai ananitesa moyo? Kila uliponiuliza habari zake nilijibu hajambo. Hakuwa hajambo. Tangu aache jeshi alikuwa akilala sakafuni karibu na mlango, viatu miguuni. Siku moja gurudumu la lori lilipasuka pale stejini, akajitupa chini mbele ya watu na mfuko wa unga ukamwagika, vijana wakacheka. Hakutaka kuguswa kutoka nyuma, hata na mimi. Kazi ya ulinzi aliyoipata Diani aliipoteza kwa sababu alimkaba mgeni aliyemshika bega kumwuliza njia. Na habari za Somalia hakuzitaja hata neno moja. Nikiuliza, anatoka nje.

Virginia alikuwa ameanza kipindi cha peke yake kwa waliorudi kutoka jeshini. Aliyemshawishi Randu ni Abdulwahab wa Msambweni, yule aliyepoteza mguu, labda unamkumbuka, alikuja matangani kwenu kwa magongo. Alikuja nyumbani akanywa chai, akamwambia, "Bwana, hakuna atakayekuuliza kitu pale. Utapumua, kisha utaenda zako." Abdulwahab mwenyewe hufanya mazoezi akiwa amekaa kwenye kiti, na husema tangu aanze anaswali bila kiuno kumkata.

Siku ya kwanza Randu alisimama mlangoni muda wote, hakuvua viatu. Virginia hakumwita. Siku nyingine alikaa, mgongo ukutani, macho yake yakihesabu madirisha. Virginia aliona, akawageuza watu wote upande wa pili ili mlango uwe mbele yake. Aliwaambia kwamba asiyetaka kufumba macho asifumbe. Hakumgusa mtu kabla ya kumwomba ruhusa, na Randu akikataa alisema tu sawa, akapita. Nami ndipo nilipojifunza kwamba nyumbani nilikuwa nikimshika mume wangu bila kumwuliza, nikikasirika akishtuka.

Taratibu alianza kubadilika. Alivua viatu. Alirudi kulala kitandani, ingawa si kila siku. Ikafika mahali Virginia akamwomba awasaidie bibi wenye mabega magumu, naye akawafundisha kuinua mikono wakiwa wamevuta leso ncha mbili, akiwatania kwa Kidigo cha kuvunjika, nao wakimcheka. Nilimsikia akicheka pamoja nao, dada. Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya ukumbi, nikalia, nikajifuta, nikarudi ndani kama sina jambo.

Jambo moja tu lilimshinda. Kila mwisho wa darasa watu hulala chali, mikono pembeni, wanatulia kimya. Wengine husinzia. Randu hakulala chali kamwe. Alikaa akawatazama wenzake kama mtu aliye zamu.

Mwezi uliopita akalala. Sijui kwa nini siku ile na si nyingine. Mimi nilikuwa kwenye benchi la nje nikimsubiri, nikamwona kupitia mlangoni akijilaza polepole. Virginia alikuwa akipita akiwawekea watu leso iliyokunjwa chini ya kichwa. Alipofika kwake alimwuliza kama amwinulie kichwa. Akaitikia. Virginia akakiinua kwa mikono yake miwili, na hapo hapo Randu akaanza kutetemeka, kisha akalia kwa sauti ambayo kwa miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kuisikia. Wenzake hawakuinuka kumtazama. Walibaki wamelala vile vile wakipumua kwa nguvu, wote, kama wanaompumulia. Virginia hakukiachia kichwa chake mpaka alipotulia.

Alasiri ya siku iliyofuata nilikuwa uani nikichagua mchele. Alikuja akakaa mbele yangu, akauangalia ungo, akaniuliza, "Beryl, unajua kichwa cha mtu kina uzito gani?" Nikasema sijui. Akaanza kusema, na hakunyamaza mpaka giza lilipoingia na mchele ukabaki pale pale.

Dada Kadzo, nisamehe kwa ninayokuandikia. Kalama hakufa pale pale.

Sote tuliambiwa kwamba alipigwa akafa bila kujua kilichompata, na aliyetuambia ni Randu, mbele ya jeneza, nawe ukasema afadhali hakuteseka. Haikuwa hivyo. Alipigwa risasi tumboni mchana, jua la utosini, na barabara ilikuwa imetegwa mabomu, kwa hiyo waliokuja kuwachukua ilibidi waje hatua kwa hatua. Aliishi mpaka magharibi. Muda wote huo kichwa chake kilikuwa mikononi mwa Randu. Aliomba maji. Randu alikuwa nayo kiunoni na hakumpa, kwa sababu walikuwa wamefundishwa kwamba mwenye jeraha la tumbo hapewi maji, na bado alikuwa akiamini kwamba Kalama ataishi. Kalama alimwomba kwa jina, akamwomba kwa jina la mama yake, halafu akaacha kuomba. Nilimwambia Randu kwamba sitaliandika hili la maji. Akaniambia niliandike, maana nusu ya habari ndiyo iliyotufikisha hapa.

Lakini si hilo tu. Kalama aliacha maneno ya kuletewa wewe.

Nakumbuka usiku wa matanga ulinivuta nyuma ya nyumba ukaniambia jambo ambalo hukumwambia mtu mwingine, kwamba mara ya mwisho mlipozungumza kwa simu mligombana. Ulimtaka aache jeshi arudi nyumbani, akakataa, ukamwambia kwamba asiporudi sasa basi asirudi tena kwako. Uliniambia kwamba amekufa na maneno hayo masikioni.

Dada, hakufa na maneno hayo. Randu anasema alipoacha kuomba maji alitulia, akaanza kusimulia ule ugomvi wenu, na alikuwa akitabasamu. Alisema, "Amenigombeza mpaka sauti ikamkatika, halafu kabla ya kukata simu akaniuliza kama nimekula. Kadzo hawezi kukasirika mpaka mwisho." Wewe ulikumbuka ulivyomfukuza. Yeye alikumbuka ulivyomwuliza kama amekula. Kisha akamwambia Randu, "Mwambie alikuwa na haki. Nilikuwa nimeshaamua kurudi, nilikuwa naona aibu tu kumwambia. Na umwambie asinikalie matanga maisha yake yote. Apate mtu. Gillian apate baba." Alimfanya Randu arudie maneno hayo ili asiyasahau. Randu hakuyasahau. Alikuja nayo mpaka Taru, akakuona umekaa mkekani pamoja na wanawake, akashindwa, kwa sababu kukupa ujumbe ni kukuambia kwamba Kalama aliishi hadi kuutoa, na ungeuliza aliishi vipi, na angefika kwenye maji. Akasema uongo mmoja wa huruma. Ndio uongo uliomlaza mlangoni kwangu miaka hii yote.

Nilipomaliza kumsikiliza, wa kwanza kumfikiria ulikuwa wewe, na wa pili, Mungu anisamehe, alikuwa Rai. Nakumbuka Rai alivyokuja kwenu kwa adabu kukuposa, akazungumza na wazee, akawa anamletea Gillian viatu akirudi kutoka mnadani. Uliniambia kwamba ni mtu mwema na moyo wako unamtaka, lakini utakaaje na mwanamume mwingine ilhali wa kwanza ulimfukuza akafa. Ukamkataa. Na mwaka jana ulinipigia simu kuniambia ameoa Mariakani, ukacheka, ukasema ni vizuri. Maneno ya kukufungua yalikuwa hapa nyumbani kwangu wakati ule. Yalikuwa yamelala sakafuni karibu na mlango wangu, nami nikiyaruka kila asubuhi nikienda kazini. Hilo ndilo linaloniliza hata sasa ninapoandika.

Sitakuomba umsamehe Randu. Mimi mwenyewe kuna saa nampenda na kuna saa natamani kumtikisa. Nilimwuliza Virginia kama tumefanya vibaya, kama ingekuwa heri asingelala chali siku ile. Aliniambia kwamba yeye hajui kumponya mtu, anajua kumtafutia mahali pa kutulia, na kinachotoka mtu akitulia hakichagui. Randu bado anakwenda ukumbini. Amelala chali mara nyingine baada ya siku ile, na amelia tena, lakini kwa sauti ndogo. Siku nyingine bado namkuta sakafuni.

Anaomba ruhusa yako aje Taru kukuambia mwenyewe kwa mdomo wake, wewe na mama. Atakuja peke yake. Nilitaka kumsindikiza, akasema hili si jambo la kuletewa na mke. Ukikataa, hatakuja, wala hatakulaumu, wala mimi sitakulaumu. La kumwambia Gillian ni lako, sasa au akiwa mkubwa au kamwe. Usijibu kwa haraka. Na ukiona huwezi kusikia sauti yangu kwa muda, nitaelewa. Nitasubiri. Nimekuzoea mno, sitaacha kukuhesabu kuwa dada yangu kwa sababu umenyamaza.

Msalimie mama, mwambie mafuta ya nazi ya magoti nimempa Absalom pamoja na barua. Msalimie Gillian, mwambie asome. Majirani zako wanaonikumbuka wape salamu zangu. Randu hakusalimu. Amesema hana haki ya kutuma salamu mpaka umkubalie kuja, kwa hiyo naziacha hapa za kwangu peke yangu.

Nakulilia na nakupenda,
mdogo wako,
Beryl.